Katuni Isiyo ya Watoto Wadogo

Wazazi na walimu wenzangu, leo nitazungumzia filamu moja tu, maana ndiyo inayotuponyoka wengi: Grave of the Fireflies, ya Kijapani, iliyoongozwa na Isao Takahata na kutoka mwaka 1988. Inatuponyoka kwa sababu imechorwa. Mzazi akishaona katuni, humwachia mtoto rimoti, akaendelea na shughuli zake. Hata huko Japani ilianza kuoneshwa sambamba na My Neighbor Totoro, katuni ambayo mtoto wa miaka 4 huitazama akicheka.

Sasa yaliyomo. Ni mwaka 1945, ndege za Marekani zinaumwagia mji wa Kobe mabomu ya moto. Seita ana miaka 14, mdogo wake Setsuko ana 4. Mama yao anaungua. Tunamwona amefungwa bendeji zilizolowa damu, na baadaye maiti yake ina funza. Jamaa anayewapokea anabadilisha kimono (nguo za Kijapani) za marehemu kwa mchele, kisha anaanza kuwasimanga kwa chakula. Wanahamia kwenye handaki lililo kando ya maji, na huko Setsuko anakufa kwa njaa.

Ukipima kwa risasi, hii ni nyepesi kuliko filamu nyingi za vita. Askari hawapigani hata mara moja. Ndiyo maana mimi sianzi na damu. Naanza na swali hili: mtoto aliye ndani ya filamu anapata mtu mzima wa kumwokoa? Mtazamaji mdogo hajioni katika jeshi lolote, anajiona katika Setsuko, na anangoja mtu aje. Hapa haji mtu. Daktari anampima, anasema anahitaji lishe, anaita mgonjwa mwingine. Kwangu, dakika ile ni nzito kuliko mabomu yote.

Wapo wanaosema filamu inatuandaa, kwa kuwa inaanza na Seita mwenyewe akifa kwenye kituo cha treni. Kwa kijana wa miaka 14, kweli: haulizi tena nani atapona, anauliza imekuwaje. Mtoto wa miaka 6 haandaliwi na chochote pale. Anaogopa tu, tangu mwanzo.

Kwa hiyo, chini ya miaka 10 nasema hapana. Wa 11 au 12 atazame na mtu mzima ambaye ameshaiona. Kuanzia 13, natamani waione. Takahata, aliyenusurika mabomu yaliyoangushwa mji wa Okayama, Japani, akiwa mtoto wa miaka 9, alikataa filamu yake iitwe tu ya kupinga vita, kwa hiyo nasi tusiharakishe kuwapa vijana jibu hilo. Waulizeni kama Seita alifanya vyema kuondoka kwa yule jamaa na kumchukua mdogo wake. Watabishana, na wengine watamkasirikia Seita. Waacheni wabishane.

Na mtoto akiinuka katikati akatoka nje, msimrudishe. Zimeni, mkae naye.