Baketi la Theluji kwenye Mchanga wa Sabaki

MWANAISHA: Hamjambo wasikilizaji wetu, kuanzia Malindi, Gongoni na Marereni mpaka Lamu. Niko na Fundi Kazungu. Fundi, kuna ndugu yetu wa Mambrui ameona shoveli ya mtumba, ile mashine ya matairi yenye baketi la kuchotea mbele, kwenye yadi moja Mombasa, imetoka Hokkaido, Japani. Baketi lake pana, limepita matairi pande zote mbili. Anataka aichukue achote mchanga wa Mto Sabaki, na chumvi kule Gongoni. Hesabu yake: baketi kubwa, mizunguko michache, dizeli kidogo.

KAZUNGU: Asitoe pesa kwanza. Hilo ni baketi la theluji. Sapporo, mji mkuu wa Hokkaido, hupata karibu mita 5 za theluji kwa msimu, na mashine za huko huvalishwa kwa kazi hiyo.

MWANAISHA: Kwani chuma si chuma, fundi?

KAZUNGU: Hasha, dada. Theluji iliyoanguka leo, mita moja ya ujazo ina kilo 100 hivi. Ikikanyagwa na magari ikashikana, hufika kilo 400 au 500. Mchanga mkavu ni zaidi ya tani 1 na nusu, na ukiloa unakaribia tani 2. Sasa chukua shoveli ya tani 8 au 9, uipe baketi la mita 3 za ujazo. Likijaa theluji mpya, umebeba kilo 300. Likijaa mchanga uliolowa, umebeba karibu tani 6! Mashine ya ukubwa huo ikiwa imekata kona, kwenye tani 5 matairi ya nyuma yanaanza kuachana na ardhi.

MWANAISHA: Allah! Na opereta yuko ndani.

KAZUNGU: Yuko ndani. Ndiyo maana kwa shoveli za matairi mzigo wa kazi haupiti nusu ya ule unaoiangusha. Hapo ni tani 2 na nusu. Mchanga uliolowa unataka baketi la mita 1.3 hivi, basi.

MWANAISHA: Akichota nusu je?

KAZUNGU: Siku ya kwanza atachota nusu. Siku tipa zimepanga foleni na kila dereva anapiga honi, nani atapima nusu? Na baketi lenyewe bati lake jembamba, mdomo hauna meno. Likigonga jiwe la matumbawe kona inakunjika.

MWANAISHA: Huko kwao wenyewe wanachaguaje?

KAZUNGU: Wanaanza na swali moja: theluji itakwenda wapi? Barabara ndefu yenye nafasi pembeni, wanafunga plau, ubao mrefu unaosukumia kando. Tena plau ya mita 3 ukiilaza pembe ya digrii 30 inasafisha mita 2.6 tu, hilo mnunuzi analipigia hesabu. Uwanja wa kuegesha magari, wanatumia sanduku lisilo na sakafu, lina kuta pembeni theluji isimwagike. Pasipo pa kurundika, kuna mashine inayoimeza na kuirusha mbali au ndani ya lori. Baketi ni la kupakia.

MWANAISHA: Na chini kukiwa na kabro, matofali ya kutandika chini, kama zetu za mjini?

KAZUNGU: Hapo ndipo utamjua fundi. Ukingo wa chini unaweza kuwa chuma au mpira. Barafu iliyoganda inataka chuma. Kabro inataka mpira, la sivyo unang'oa sakafu ya watu. Na plau nzuri ina springi: ikigonga kifuniko cha mtaro kilichofichika inainama, inapita, inarudi. Isipokuwa nayo, pigo lote linaishia kwenye mikono ya shoveli na kifua cha opereta. Mimi nawasifu sana waliobuni kitu hicho.

MWANAISHA: Turudi Gongoni. Chumvi?

KAZUNGU: Chumvi ya kwenye rundo ni kama tani 1.2 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mashine ileile inaweza baketi la mita 2. Lakini chumvi inakula chuma. Kila jioni aoshe kwa maji baridi, yasiwe ya bahari, kisha apige grisi kwenye pini na bushi mpaka ile ya zamani itoke nje.

MWANAISHA: Kwa hiyo mabaketi mawili.

KAZUNGU: Mawili, na kiungo cha kubadilishia haraka. Ila kiungo nacho kina uzito, na kinausogeza mzigo mbele, kwa hiyo apunguze kidogo kwenye zile hesabu zangu.

MWANAISHA: Na mwenye yadi, amwambie nini?

KAZUNGU: Aombe namba ya mashine, atafute jedwali la mizigo la mtengenezaji. Apime kipenyo cha pini na upana kati ya mikono ya shoveli, maana baketi la modeli nyingine huenda lisiingie. Mashine ikiwa nzima, ajadili bei bila lile baketi, tofauti yake anunulie la mchanga. Na likiwa limebaki juu yake, alitumie kwa makumbi ya nazi na majani makavu. Hayo hayana uzito wa kuiangusha.

MWANAISHA: Ndugu yetu wa Mambrui, umesikia. Ukishapata jedwali tutumie picha, fundi atalisoma kipindi kijacho.