Vile vijiti vya kwenye simu

Asalamu alaykum, wanangu. Walio nyuma njooni mbele, mkeka una nafasi.

Nani kwao simu hushika mtandao dirishani tu? Aa, mikono mingi! Basi leo tutazame kwa nini.

Nimekuja na tochi. Fungeni madirisha. Nasimama hatua moja na ukuta: duara dogo, jeupe pee. Narudi nyuma, sasa hatua mbili. Duara limetanuka, lakini limefifia. Tochi ni ile ile, betri zile zile. Mwanga ule ule umetandazwa pahala pakubwa, kila kipande cha ukuta kinapata kidogo. Na hapa hata wakubwa hukosea: ukienda mbali mara mbili hupati nusu, unapata robo. Ukienda mara tatu, unapata fungu moja katika tisa.

Mnara wa simu nao ni kama tochi. Mwanga wake macho hayauoni, lakini ni ndugu wa mwanga huu; unaitwa mawimbi ya redio, na hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Vile vijiti vinakuonesha umekufikia kiasi gani.

Njiani sasa! Mbao huyapitisha mawimbi vizuri. Ukuta mnene wa mawe na chokaa huyala. Majani mabichi ya mikarafuu yana maji ndani, nayo hupunguza. Na Pemba yetu ni vilima na mabonde: nyumba iko bondeni, mnara uko ng'ambo ya kilima, udongo wote ule umekaa katikati. Dirisha ndio mlango uliobaki.

Simu nayo lazima ijibu, maana nayo ni kitochi kidogo, na mnara lazima ukione. Ikiwa mbali hujikaza, hutoa nguvu zaidi. Ndiyo maana simu ya bibi bondeni huisha chaji upesi. Haijaharibika, msimwambie anunue nyingine.

Sasa sufuria. Naitia simu ndani, nafunika kwa mfuniko wake, nabana vizuri. Mwalimu, tafadhali nipigie… Mnasikia kitu? Kimya. Bati na sufuria huyarudisha mawimbi yalikotoka. Nafunua. Tusubiri kidogo, inautafuta mnara. Mwalimu, piga tena.

Haya, inaita! Wewe mwenye kofia, njoo ufunike wewe.