Mazungumzo Tunayoyaita Uchuro

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za jioni. Leo nataka tuseme juu ya kumuuliza mtu mapema, akiwa hai, anavyotaka auguzwe na azikwe. Mambo ya urithi wa nyumba na mashamba nawaachia mawakili. Mimi ni muuguzi wa huduma shufaa, yaani ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa mahututi. Ninayokutana nayo huanza mtu akiwa bado anapumua.

Wakubwa humu mnaikumbuka kesi ya S.M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa mume, Umira Kager wa Wajaluo, ukasema azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Wakapelekana mahakamani, maiti iko mochwari, hadi akazikwa Nyalgunga Mei 23, 1987. Siku 154!

Mwanasheria mzima, na hakuacha wosia wa maandishi. Mjane akasema mumewe alimwambia Ngong. Upande wa pili ukamleta mchimba makaburi wa kijijini, naye akasema marehemu alimwambia alazwe karibu na baba yake. Mimi nadhani huenda wote walisema kweli. Mtu akiwa na mkewe husema hivi, akiwa kwao husema vile, kwa adabu tu. Mwishowe Mahakama ya Rufani ikatanguliza mila za Kijaluo, kwa hiyo pengine hata karatasi isingemsaidia. Wazee wa ukoo ndio walitakiwa kuambiwa, yeye akiwa hai, mkewe amekaa pembeni anasikia. Ukimnong'oneza mke peke yake, umemwachia vita.

Waislamu wenzangu mtasema sisi tunazika upesi. Sawa, lakini nani akuoshe? Na deni la kikoba nani analijua?

Tena mazishi ni nusu tu ya habari. Wodini watoto hunivuta pembeni: "Sista, usimwambie mzee ana kansa." Nikiingia ndani, mzee naye: "Sista, wanangu wasijue, watavunjika moyo." Wote wanajua! Wanafichana kitu kimoja, na siku zinakwenda. Hapo hakuna wa kumuuliza kama anataka kurudi nyumbani, au kama anataka morfini, dawa kali ya maumivu, ambayo ndugu wengine huikataa kwa kudhani ndiyo itakayomuua. Maumivu ni yake, wanaokataa ni wao.

Sasa utaanzaje? Ukimkabili mzee utaambiwa usituletee uchuro. Subirini mnaporudi msibani kwa jirani. "Baba, umeona walivyovutana leo? Wewe ungependa tufanyeje?" Halafu nyamaza. Akijibu nusu, pokea hiyo nusu, nyingine itakuja siku nyingine. Mwana akishindwa, mtumeni mjukuu. Yule ana utani na babu yake, anaweza kumwambia "ukifa bibi namrithi mimi," wakacheka, na ndani ya kicheko babu akasema la moyoni.

Swali msilolisahau ni nani atasema kwa niaba yake akishindwa kuongea. Kwetu kaka mkubwa aliyeko mbali huamua kwa simu, na dada anayemgeuza mgonjwa usiku kucha haulizwi. Ipigwe simu hiyo mapema, iwekwe spika, kaka asikie kwa masikio yake mzee akisema: "Nikishindwa, msikilizeni huyu binti."