Kongowea Ni Mimi: Jinsi Msomaji Anavyoingia Ndani ya Mhusika Mkuu

Walimu, wanafunzi na wasomaji wenzangu, hamjambo.

Wako wasomaji wengi wanaofunga Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996, wakisema, "Huyu Kongowea ni mimi mtupu." Wengi wao hawakuzaliwa Tanga, mama zao hawajaimba taarabu hata siku moja, wala hawajavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba. Sasa kinachofanana ni nini? Hicho ndicho tukitafute leo, na tukitafute katika lugha, maana ndimo kilimojificha.

Tuanze na kiambishi. Kongowea Mswahili anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza: nilitoka, nikakaa, nikangoja. Anayesoma kwa sauti anaitamka hiyo ni- mstari baada ya mstari, na ulimi ukishazoea, moyo hufuata. Jaribuni. Chukueni aya yoyote ya sentensi tano au sita, kila ni- ya mtenda iwe a-, na kila -ni- ya mtendwa iwe -m-. "Waliniacha mlangoni" itakuwa "Walimwacha mlangoni." Isomeni tena. Tukio ni lile lile, lakini sasa mnamtazama mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Msidhani, hata hivyo, kwamba nafsi ya tatu humfungia msomaji nje. Kiswahili kina bahati hapa, na kwangu ni bahati kubwa: a- haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Mvulana na msichana huingia kwa mlango mmoja. Hata jinsia inapojulikana tangu jaladani, kama ilivyo katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, msomaji wa kiume bado anaweza kuumia pamoja na Rosa. Anafikishwaje huko? Nimetunga mfano mfupi, tuutazame kwa karibu:

"Aliisikia sauti ya baba uani. Barua aiweke wapi? Chini ya godoro ataiona. Ndani ya daftari je?"

Sentensi ya kwanza ina -li-. Hapo msimulizi ndiye anayesema. Ya pili haina "alijiuliza". Wazo limekuja peke yake, halina wa kulitambulisha. Ya mwisho haina hata kitenzi, kwa hiyo haina kiambishi cha nafsi. Swali limebaki halina mwenyewe, na msomaji analiokota. Halafu angalieni neno "baba". Lingeandikwa "baba yake", tungekuwa na baba wa mtu mwingine. Limeandikwa "baba" tu, na kila msomaji anasikia hatua za baba wa kwao. Kwa maoni yangu neno hilo moja linafanya kazi kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya sura, urefu na rangi ya mavazi.

Na hapo ndipo waandishi wengi wanapokosea. Wanamjaza mhusika kila kitu katika kurasa za mwanzo mpaka msomaji hana pa kukaa. Au wanamfanya mwema mno, asiyekosea, asiyeona haya wala hasira. Mhusika bapa wa namna hiyo tunamsifu, hatumwingii.

Msomaji naye ana makosa yake. Akishajinasibisha na mhusika, anaanza kumtetea kwa kila kitu. Akiulizwa ajadili sifa za mhusika mkuu, anaandika sifa zake mwenyewe, na alama zinapotea kwa sababu hakuna ushahidi kutoka kitabuni. Katika usimulizi wa nafsi ya kwanza hatari ni kubwa zaidi, kwani watu wengine wote tunawajua kupitia jicho moja tu.

Dawa yake ni daftari. Gaweni ukurasa safu mbili. Kushoto andikeni namba ya ukurasa na tukio. Kulia, lililowagusa, kwa maneno yasiyozidi kumi. Mkimaliza sura, chagueni tukio moja mliandike upya katika sentensi tano, upande wa yule mnayemchukia. Kwa Rosa Mistika, chukueni nafasi ya Zakaria, baba yake Rosa, mlevi na mkali kwa binti zake. Lengo si kumsafisha. Lengo ni kupima kama mnaweza kutoka ndani ya Rosa na kurudi tena mnapotaka.

Safu ya kulia ikibaki tupu kwa kurasa kumi mfululizo, msijilaumu wala msikitupe kitabu. Rudini kwenye ukurasa wa mwisho uliowagusa, mkaangalie nini kimebadilika tangu hapo: nafsi, wakati wa kitenzi, au ile "yake" iliyoongezwa baada ya "baba".