Msizifiche jointi: kwanini mistari ya viungo ndio uzuri wenyewe wa mdoli

Haya jamani tuanze, wanaochelewa watatukuta njiani. Leo naongelea kitu kimoja tu, jointi za midoli ya rezini, yaani plastiki ngumu ya kumimina, ile ya wakusanyaji inayotengenezwa sana Japani na Korea, ambayo viungo vyake unaviona wazi kabisa, begani, kwenye kiwiko, kifundo cha mkono, nyonga, goti, na mingine mpaka katikati ya kiwiliwili. Nimeivalisha nguo za mikono mifupi makusudi ili muone.

Maana kila nikiposti picha lazima mtu akomenti, mzuri kweli ila hiyo mistari kwenye viwiko ungeifuta angekuwa kama binadamu kabisa, na wanasema kwa nia njema, kuna mpaka wanaonielekeza app ya kufutia. Mi nawaambia hapana, usifute, na nataka leo nieleze kwanini kwa utaratibu maana kwenye komenti haiwezekani.

Angalieni kiwiko hiki. Mkono umenyooka, mnaona mistari miwili imezunguka, iko karibu karibu, na katikati yake kuna kipande kidogo cha mviringo ambacho sio mkono wa juu wala wa chini, kiko peke yake. Sasa naukunja taratibu. Kile kipande kimesogea nje kimekuwa ncha ya kiwiko, mkono wa chini umekuja ukalala karibu kabisa na wa juu, na vidole vimefika shavuni. Mdoli wenye jointi moja hapa ungeishia kwenye digrii 90 hivi, shavu ungeliona kwa mbali, ndio maana mchongaji akaweka mbili. Halafu ndani ya kikombe humu, yaani tundu linalopokea lile duara la kiungo, sijui kama huko nyuma mnaona, kuna mfereji mwembamba umechongwa, lastiki ikidumbukia humo mkono unakaa palepale ulipouacha, unaweza ukaondoka ukarudi kesho umekuta bado ameshika shavu. Mdoli huu naupitisha kwenu, kila mtu aukunje mkono mwenyewe, msiogope, ila msivute mkono kwa nguvu.

Mafundi gari mliopo humu hii kitu mnaijua kabla sijafungua mdomo, ni bolijointi, duara ndani ya kikombe. Tofauti ni kwamba kule imefungiwa kwenye chuma na kujazwa grisi, huku kinachoshikilia kila kitu ni lastiki peke yake. Inaanzia kwenye kifundo cha mkono huu, imenaswa kwenye kulabu ya S, inapita ndani ya mkono maana mkono uko wazi, inatokea begani, inakatiza kifuani, inaingia mkono wa pili. Nyingine inatoka shingoni, kulabu yake iko ndani ya kichwa ndio maana kichwa kina kifuniko kinachoshikwa na sumaku, inashuka kiwiliwili chote inagawanyika miguu yote miwili. Kwahiyo mdoli mzima unajivuta wenyewe kwa wenyewe, ukivuta mguu kidogo shingo inapata habari. Lastiki ikikaza kupita kiasi unaukalisha chini unarusha teke wenyewe, ikilegea unajilaza, na rezini kwa rezini inateleza kwahiyo watu wanabandika ngozi laini ndani ya vikombe, au wanapitisha gundi ya moto wakaisawazisha ikipoa, ili pashike. Mi nikikaa nafunga upya lastiki ya mdoli ndio napata kuuelewa, kila mchongaji ana namna yake ya kufikiria nyonga.

Sasa kwanini mistari ionekane? Sababu ya kwanza ni ya kifundi tu. Rezini ni ngumu, haikunjiki, na ugumu huo ndio unaokupa kucha za vidole, mfupa wa bega, kunyanzi la mdomo, vitu ambavyo kwenye plastiki laini huvipati kwa ukali ule. Kitu kigumu ukitaka kikunjike lazima ukikate. Swali la mchongaji linabaki moja, akate wapi na akate vipi, na hapo ndipo sanaa inapoingia maana mwingine akikata goti unaona limekatwa, mwingine akikata unaona limezaliwa hivyo.

Hili jambo ni la zamani mno. Wagiriki wa Korintho karne ya 5 kabla ya Kristo walikuwa na midoli ya udongo wa kuchoma, mikono na miguu imefungwa kwa uzi au waya. Na Roma mwaka 1889 wakichimba msingi wa jengo la mahakama walikuta kaburi la binti anaitwa Crepereia Tryphaena, wa karne ya 2, pembeni yake mdoli wa pembe za ndovu wenye viungo begani, kwenye viwiko, nyonga na magoti. Huo mdoli upo makumbusho mpaka leo na jointi zake bado ziko wazi. Ulaya ya karne ya 19 nayo Wajerumani na Wafaransa walitengeneza midoli ya kaure yenye miili ya jointi za duara na lastiki ndani, ila ile ilivalishwa magauni marefu, jointi ilikuwa kitu cha chini ya nguo.

Aliyeitoa jointi chini ya nguo, kwa maoni yangu, ni Hans Bellmer. Huyu alizaliwa 1902 Katowice, akawa anafanya kazi za uchoraji wa matangazo Berlin, na Wanazi waliposhika nchi mwaka 1933 akaamua hatafanya tena kazi yoyote yenye kulisaidia hilo dola. Mwaka huohuo akaanza kutengeneza mdoli. Picha zake akazitoa kwenye kijitabu mwaka 1934 kwa pesa yake mwenyewe, na mwisho wa mwaka huo wasanii wa Paris wakazichapisha kwenye jarida lao la Minotaure. Mdoli wa kwanza ulikuwa haumridhishi kwenye kukunjika. Kilichomfungua macho ni makumbusho ya Kaiser Friedrich palepale Berlin, kulikuwa na midoli ya mbao ya karne ya 16 yenye jointi za duara kila mahali, na mwaka 1935 akatengeneza wa pili ambao tumbo lenyewe ni duara moja kubwa, viungo vingine vyote vinazunguka hapo, unaweza kufunga miguu juu na chini. Picha zake zinatisha, sikatai, mwili umepangwa vibaya makusudi, na mimi kuna nyingine siwezi kuzitazama muda mrefu na wala sitaki kuzionyesha hapa. Lakini ndiye aliyefanya duara la jointi liwe kitu cha kutazamwa, taa akalielekezea lenyewe.

Mwaka 1965 mwandishi Tatsuhiko Shibusawa akaandika habari za Bellmer kwenye jarida moja la Japani, kijana Yotsuya Simon akaiona, na toka hapo Japani haikurudi nyuma. Simon aliendelea mpaka mwaka 1978 akafungua shule ya kufundisha utengenezaji wa midoli. Na tazameni walichofanya Wajapani, wamechukua jointi ya Bellmer wakaiondolea ule ukatili, wakaipa utulivu. Midoli ya Simon imesimama tu imenyamaza, mingine kifua kiko wazi unaona mbao na vyuma vya ndani, na bado uso una heshima yake. Halafu mwaka 1999 kampuni ya Volks ya Kyoto, ambayo ilishazoea kumimina rezini kwa ajili ya modeli za kuunganisha nyumbani, ikatoa mdoli wa rezini uitwao Super Dollfie, kama sentimita 57, na hapo ndipo mtu wa kawaida akaweza kununua, ingawa bei ni mamia ya dola. Wakorea wakaingia miaka michache baadaye wakaongeza magoti mapya, mapaja yanayozunguka na kadhalika.

Sasa nakuja kwenye sababu ya pili ambayo kwangu ndio kubwa. Mwaka 1970 profesa wa roboti wa Tokyo, Masahiro Mori, aliandika insha fupi ambayo watu wengi wanaijua kwa ule mchoro wake, kwamba kitu kikizidi kufanana na binadamu tunakipenda, kikikaribia kabisa ghafla kinatutisha, mapenzi yanaporomoka bondeni. Watu wanaishia hapo. Someni mpaka mwisho. Anatoa mfano wa mkono bandia wenye rangi ya ngozi, mishipa, kucha, kila kitu, ukiupa mkono ukausikia wa baridi unashtuka. Kisha anatoa mfano mwingine, mkono wa mbao uliotengenezwa na mchonga sanamu za Buddha, vidole vinakunjika kwenye jointi, hauna alama za vidole, rangi ni ya mbao vilevile, na hakuna anayeutazama akaogopa, ni mzuri tu. Ushauri wake kwa watengenezaji ni kwamba msikimbilie kufanana kabisa. Na kwenye mchoro wake mdoli wa bunraku, yale maigizo ya jadi ya midoli ya Japani, kauweka juu, ng'ambo ya bonde, na nyie mnaojua bunraku mnajua kwamba wachezeshaji watatu wako palepale jukwaani unawaona kwa macho yako.

Mi nilipousoma huo mkono wa mbao nikasema hiki ndicho nilichokuwa nakisikia kwenye kiwiko miaka yote. Uso wa mdoli wa rezini macho ni ya kioo, kope zimebandikwa, mashavu yamepakwa pastel, chaki laini ya rangi, kama ana damu ndani, yaani uko pembeni kabisa ya lile bonde. Jointi ndio inayokushika usidondoke. Macho yako yanashuka kutoka usoni yanakutana na duara la kiwiko yanapumua, ahaa, huyu ni kitu kilichotengenezwa na mtu, hajifanyi. Na ukishajua hajifanyi una ruhusa ya kumpenda bila woga. Futa mistari kwenye picha uone, uso uleule uliokuwa mtamu unaanza kuwa wa maiti.

Midoli ya ngozi ya silikoni yenye mifupa ya chuma ndani mnaijua, haina mstari hata mmoja, na kuikunja inakunjika vizuri tu, sina ugomvi na wanaoipenda. Ila ikisimama imenyooka haikuambii chochote. Wa rezini hata ukiwa umesimama wima, mikono chini, unaona palepale wapi atakunja, goti linakuonyesha kuchuchumaa kabla hajachuchumaa. Barbie wenyewe, mwaka 1965 goti la kukunja lilifichwa ndani ya plastiki laini, mwaka 2015 wakatoa wa jointi 22 mistari nje nje, na watu wazima wanaopiga picha za midoli wakaununua hasa kwa ajili ya mapozi.

Kwahiyo mkipiga picha, acheni taa ya mbele inayolainisha kila kitu, wekeni taa upande, duara la kiwiko lipate kivuli chake. Mkipaka rangi mwilini kumbukeni jointi inasuguana, rangi ya ndani ya kikombe itabanduka, bora kikombe mkiache kitupu au mpake pembeni tu. Na anayetaka kununua mdoli uliokwishatumika na mtu mwingine amwombe muuzaji picha za jointi kabla ya picha za uso, goti likiwa limekunjwa, maana rezini inabadilika kuwa ya njano kwa jua na sehemu iliyojificha ndani ya kikombe ndio inakuonyesha rangi ya zamani, ukilinganisha hizo mbili unajua kama amekaa dirishani. Mwulize pia lastiki ilibadilishwa lini. Haya, aliyeshika mdoli ampe jirani yake, na wenye maswali nyoosheni mikono.