Shika chepe kwanza, ski zitakuja: maongezi yangu kwenye kikao cha Waswahili wa hapa kwetu Norwe

Haya jamani, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba kabisa, na nyie wa rika langu mambo vipi. Mwenyekiti kanipa nusu saa, kaniambia niongelee "mambo ya ski", hizi mbao nyembamba za kuvaa miguuni kutelezea kwenye theluji, nikamwambia mzee una uhakika kweli, mimi mtu wa Muheza, kwetu ukiona kitu cheupe kinashuka toka juu ujue ni sufi za msufi. Akacheka, akasema si wewe ndo tunakuonaga umevaa kizibao cha njano unaongoza magari pale kwenye mashindano ya watoto? Ni mimi, sikatai.

Kwa hiyo niseme mapema, sitawafundisha kuteleza. Mimi nikiwa kwenye mteremko watoto wa miaka sita wananipita huku wananiomba samahani. Nataka kuongelea klabu yenyewe, yale yanayofanyika pembeni ya ski, kwa sababu wengi wetu humu tunalipa ada ya mtoto, tunamshusha na gari, tunaondoka, tunarudi kumchukua, alafu jioni tunapigiana simu kulalamika kwamba mwaka wa tano huu jirani hata jina hajui. Mi pia nilikuwa hivyo hivyo, misimu miwili mizima nakaa kwenye gari na hita naangalia simu.

Neno lenyewe mnalijua, dugnadi. Kazi ya pamoja, hulipwi, unakuja na glovu zako. Mwaka 2004 kwenye televisheni hapa walichagua neno gani ndo la Norwe kuliko yote, likashinda hilo. Sasa wenzangu, sisi hili neno linatushtua nini? Kwetu Tanga na kule Upareni tunaita msaragambo. Wakenya wana harambee, ingawa siku hizi harambee imeegemea zaidi kwenye kuchangisha hela. Wanyarwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Ndugu zetu wa Congo, wazee humu wanaikumbuka salongo ya enzi za Mobutu, naona mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa, na kweli ile hiari haikuwepo, tuiache. Ila wazo lenyewe hakuna anayehitaji kufundishwa hapa.

Na hizi klabu za ski ni za zamani kuliko tunavyodhani. Ile ya Trysil ilianzishwa 1861, ya kulenga shabaha na ski kwa pamoja. Ile kubwa ya Oslo, Skiforeningen, ni ya 1883, na mpaka leo ndo inashindilia na kuchonga njia za msituni huko Oslomarka, watu wanapita hata hawajui ni nani kaamka usiku. Hapa kwetu kijijini klabu ni ndogo, haina mfanyakazi hata mmoja wa mshahara. Yaani hakuna! Kocha ni fundi bomba, mhasibu ni nesi, anayeendesha mashine ya kuchonga njia ni mkulima mstaafu ambaye theluji ikianguka saa nane usiku yeye saa kumi yuko barabarani, na ukimshukuru anaangalia pembeni kama umemtukana.

Sasa niwape kisa cha dugnadi yangu ya kwanza. Ulikuja ujumbe kwenye simu, Jumamosi saa tatu asubuhi, mvue taa zilizokufa kwenye njia yenye taa na kukata vichaka. Mwezi wa kumi huo, baridi ya kawaida. Mi nikavaa viatu vya ngozi, vile vya kwenda kanisani, nikijua tutasimama mtu atoe hotuba, tugawane kazi, tupige picha. Wapi. Nimefika saa tatu na dakika tano watu wameshazama msituni, kila mtu na msumeno wake, hakuna hotuba, hakuna mgeni rasmi, nikapewa mkasi mkubwa na kijana mmoja akanionyesha upande. Basi. Masaa mawili nakata matawi na mtu ambaye sijui jina lake, viatu vimelowa mpaka soksi, na hapo ndo nikagundua kitu ambacho miaka yote sikukijua: hawa watu mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka. Yule jamaa kanieleza habari za talaka yake, za mgongo wake, za mama yake aliyeko nyumba ya wazee, akaniuliza Muheza iko wapi, nikamwambia, na wiki iliyofuata dukani kanisimamisha yeye mwenyewe. Ukimwalika mtu huyo huyo kwako aje tu kupiga soga, atakuuliza tarehe ngapi na itaisha saa ngapi.

Baada ya kazi ni vafla. Vafla mnazijua, zile kama chapati nene zenye vyumba vyumba, umbo la moyo, wanakula na jamu au ile jibini ya kahawia. Nasimama pale kwenye kioski cha klabu, mama mmoja anafungua kile chuma cha kuchomea, mvuke unanipiga usoni, na mvuke wenyewe, jamani, unanukia mandazi ya bibi! Hiliki. Wanorwe wengi wanatia hiliki kwenye vafla. Mi kwetu kule juu Amani hiliki inalimwa chini ya miti msituni, nimekua nikiichuma, kidole kinanukia siku mbili. Nikamwambia yule mama, akaniambia basi msimu huu kioski ni chako. Hivyo tu, nikawa mtu wa vafla. Natia hiliki mara mbili ya kipimo chao, na kwa taarifa yenu zinaisha kabla ya saa sita.

Kuna na upande wa hela, hapa nitapita haraka ila msikilize. Klabu inaishi kwa vitu vidogo vidogo. Kioski. Soko la vifaa vilivyotumika mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ambako unamnunulia mtoto ski na viatu kwa hela ya mboga, na za mwaka jana unaziuza. Kuna Grasrotandelen, ile ya bahati nasibu ya Norsk Tipping, mtu akicheza anachagua klabu na asilimia 7 ya hela aliyochezea inakwenda huko bila yeye kukatwa zaidi, sisemi mcheze, nasema anayecheza ajue. Alafu kuna toilet pepa. Wazazi wenye watoto klabuni mmeanza kucheka, sawa. Kila familia inapewa mabando ya toilet pepa ikauze, faida inarudi klabuni kulipia nauli za watoto. Mwaka wa kwanza niliona kama dharau, mtu mzima na digrii yangu nagonga milango nauza karatasi za chooni. Mke wangu akaniambia baba, kwani kuna nyumba ambayo hawatumii? Nikagonga. Ndo nikajua majirani wa barabara nzima, na mbwa wao.

Twende kwenye siku ya mashindano, hapo ndo patamu. Mashindano ya watoto wadogo hapa yana sheria zake, mpaka mtoto afike miaka 12 kama kuna zawadi basi ni ya wote, awe wa kwanza awe aliyelala chini njiani akala theluji. Mwanzoni mi nilipinga, nikasema mnalea watoto wasiojua kushindwa, nikasema kwetu shuleni walikuwa wanatusomea nafasi mpaka ya mwisho mbele ya mstari wa asubuhi. Siku moja nikawa nimepangwa mstari wa mwisho, kazi yangu kuvua watoto namba za kifuani. Digrii 17 chini ya sifuri, ndevu zimeganda. Wamefika wote kabaki mmoja, kabinti kadogo, kanaanguka kila hatua kumi. Nikaanza kukunja zile bendera nikijua tumemaliza. Mzee mmoja wa klabu akaja akanishika mkono, hakunigombeza, akasema tu, bado kuna mtu njiani. Tukasimama. Mtangazaji akaendelea kutangaza kwenye spika kama ni fainali ya Olimpiki, watu wa kioski wakatoka nje, kale kabinti kakaingia kanalia na kucheka kwa wakati mmoja.

Hapo nikamkumbuka Philip Boit. Wakenya humu mnamjua, yule Mkalenjin aliyekwenda Nagano 1998, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya baridi, mbio za ski za kilomita 10. Alifika wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, na mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie, Mnorwe. Walitaka waanze kugawa medali, Dæhlie akasema subirini, akasimama kwenye mstari mpaka Boit akafika, akamkumbatia. Boit akaja kumpa mwanaye jina la Dæhlie. Mi zamani niliiona ile kama roho nzuri ya mtu mmoja. Sasa nadhani ni malezi, yule bwana naye alikulia kwenye haya mashindano ya vijijini ambako bendera hazikunjwi mtu akiwa njiani. Siwezi kuthibitisha, ni hisia yangu.

Kuna kingine nataka hasa akina dada mnaofanya kazi na wagonjwa mkisikie. Kule Beitostølen kila mwaka kuna Ridderrennet, wiki nzima ya ski kwa wasioona na wenye ulemavu mwingine, ilianzishwa 1964 na Erling Stordahl, yeye mwenyewe alikuwa haoni. Asiyeona anaingia kwenye mstari wake wa ski, mwongozaji anakuwa pembeni yake kwenye mstari mwingine anaongea naye njia nzima, sasa kona kushoto, sasa mteremko, kunja magoti, simama. Niliangalia nikasema hiyo ni kazi ya Mswahili, kuongea kilomita 20 bila kuchoka! Ila sharti ujue ski vizuri, kwa hiyo mimi bado. Wabeba mizigo na wamimina supu pia wanahitajika.

Na Pasaka, mkipanda milimani na watoto, wale wa Msalaba Mwekundu mnaowaona na pikipiki za theluji wengi wao ni wa kujitolea, wameacha familia zao mezani. Pasaka ya 1967 walikufa watu 18 milimani, ndo zile kanuni za mlima zikakaziwa, zimeandikwa mpaka kwenye karatasi ya chokoleti ya Kvikk Lunsj. Ya kuishika ni ile inayosema si aibu kugeuka. Sisi wanaume hiyo inatusumbua, hata kwenye gari.

Nisije nikaonekana nimetumwa. Kero zipo. Dugnadi ni hiari lakini jina lako likikosekana mara tatu watu wanalihesabu, kimya kimya. Anayefanya shifti za wikiendi anaumia, na wengi wetu ndo shifti zetu hizo. Ushauri wangu, usikae kimya, mwambie msimamizi mapema, omba kazi ya siku ya kazi jioni, kuna kufua vile vizibao, kuna kupaka nta ski za watoto, na nta yenyewe si ngumu, bluu ya baridi, nyekundu ikikaribia sifuri. Kingine, ukitaka kukaa na watoto utaombwa cheti cha polisi. Kuna kaka mmoja alinipigia amekasirika, anasema wanatudhania wezi kwa rangi yetu. Hapana kaka. Tangu 2009 kwenye michezo ni kila mtu, hata yule mkulima mstaafu kaleta chake. Na ghali? Ski mpya ni ghali, kweli kabisa, ndo maana kuna BUA, vituo vya kuazima vifaa, unaazima ski bure kama unavyoazima kitabu, unarudisha. Usikope benki kwa ajili ya mtoto wa miaka saba ambaye mwezi wa tatu mguu umeshakua.

Naona mkono. Sema dada. ... Anauliza, "kwa hiyo mtu asiyetaka kabisa kupanda ski, anaogopa, ana magoti, anaweza kuwa mwanachama?" Shemeji, kwenye klabu yetu kuna mama ana miaka 80 na kitu, ski kaacha siku nyingi, kila Jumatano anakuja na chupa ya kahawa anakaa pale kibandani, watoto wakitoka njiani wanamsimulia. Huyo mama asipokuja watu wanapigiana simu.

Mwingine? Anauliza kama unaweza kuleta vitumbua badala ya vafla. Nimeshauliza. Wamesema leta, ila mchele uloweke mwenyewe.

Haya, Jumamosi hii tunaondoa theluji kwenye paa la kibanda, saa tatu asubuhi, na ni saa tatu kamili ya kwao. Karatasi inapita, andika jina na namba ya simu, mwenye chepe aje nalo. Viatu vya kanisani acha nyumbani. Na kabla hamjatoka, kwenye buti la gari nina mabando sita ya toilet pepa, vipps, ile ya kutuma hela kwa simu, inakubalika, na cash pia.