Kuchagua Kitabu cha Picha: Mhadhara kwa Walimu, Wakutubi na Wazazi

Ndugu walimu, ndugu wakutubi, na wazazi mliojumuika nasi, asanteni kwa kufika.

Vitabu vingi vinavyouzwa kwetu kwa jina la vitabu vya picha ni vitabu vya hadithi vilivyopambwa. Maneno yanasema Juma amepanda mti, na picha inamwonyesha Juma yuko juu ya mti. Ondoa picha hiyo, hadithi haipungukiwi na kitu. Kitabu cha picha hasa ni kile ambacho ukifunika picha kisa kinavunjika, na ukifunika maneno kinavunjika vilevile. Kwa hiyo mkiwa dukani, kabla ya kutoa fedha, fungueni kurasa mbili tatu za katikati, funikeni maneno kwa kiganja, mwone kama picha ina habari yake. Kisha fanyeni kinyume chake. Ni kazi ya dakika mbili, na itawaokoa na hasara nyingi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Handa's Surprise cha Eileen Browne, kilichochapishwa Uingereza mwaka 1994. Kisa chake kiko magharibi mwa Kenya, kwa Wajaluo. Handa anamwekea rafiki yake Akeyo matunda saba kapuni: ndizi, pera, chungwa, embe, nanasi, parachichi na pasheni. Anajitwika, anashika njia. Maneno yanafuata mawazo ya Handa peke yake: je, Akeyo atapenda tunda gani zaidi? Picha zina habari nyingine kabisa. Tumbili anaondoka na ndizi, mbuni na pera, pundamilia na chungwa, tembo na embe, twiga na nanasi, swala na parachichi, kasuku na pasheni. Safari nzima maneno hayamtaji mwizi hata mmoja. Kapu likiwa tupu, mbuzi aliyefungwa anakata kamba, anaukumba mchenza, machenza yanamiminika kapuni, na Handa hana habari mpaka afike kwa Akeyo.

Mtoto wa miaka minne anayetazama kitabu hicho anajua zaidi ya Handa, na mara nyingi zaidi ya anayemsomea, kwa sababu macho ya mtu mzima yako kwenye maandishi. Utamu wote uko hapo, na hapo ndipo tunapouharibu. Mwalimu ananyoosha kidole: "Oneni, tumbili anaiba!" Basi, siri imekwisha. Someni mara ya kwanza bila maelezo. Kila mnapofunua ukurasa, hesabuni kimoyomoyo hadi tano kabla ya kufungua mdomo, maana jicho la mtoto linahitaji muda wa kuzunguka pichani. Maswali yawe ya mara ya pili, na yawe ya kumfanya mtoto asimulie. "Huyu ni nani?" hujibiwa kwa neno moja. "Kapuni kumebadilika nini?" humfanya atazame, ahesabu na kueleza. Darasa la awali linapata humo kutoa, kuanzia saba hadi sifuri, bila ubao.

Kitabu hicho kina kasoro, na ni vyema tuitaje tukiwa tunakisifu. Tembo, twiga na pundamilia hawapitipiti kandokando ya njia za vijiji vya Wajaluo. Hiyo ni Afrika inayotazamwa kutoka mbali, ambako kijiji na mbuga ya wanyama ni kitu kimoja. Sisemi kisinunuliwe. Nasema kisiwe peke yake rafuni. Mwaka 1990 msomi wa Marekani, Rudine Sims Bishop, aliandika kwamba vitabu humpa mtoto madirisha ya kuwaona wengine na vioo vya kujiona mwenyewe. Makala yake ni fupi, na mkutubi yeyote anaweza kuisoma kwa kikao kimoja.

Jambo hilo linaonekana wazi katika vitabu viwili vya Muriel Feelings vilivyochorwa na Tom Feelings: Moja Means One cha 1971 na Jambo Means Hello cha 1974. Kimoja ni cha kuhesabu, kingine cha alfabeti, na vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, tuzo ya michoro ya vitabu vya watoto huko Marekani. Michoro yake ina utulivu na utu wa hali ya juu. Lakini vilitungwa kwa ajili ya watoto Weusi wa Marekani, ili waikute Afrika kupitia Kiswahili. Mtoto wa Morogoro hahitaji kuelezwa "moja" ni nini. Kwake yeye vitabu hivyo ni vya kutazama michoro. Mtoto wa Mswahili anayekulia Minneapolis au London, ambaye Kiswahili anakisikia nyumbani tu, atavifaidi zaidi.

Kwa michoro iliyotoka kwetu, tafuteni kazi za John Kilaka wa Tanzania. Anachora kwa mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Wanyama wake huvaa nguo na kuishi kijijini, na pembeni mwa picha kumejaa shughuli ambazo maneno hayazigusi. Hapo kipimo cha kiganja kinafaulu. Kinachosikitisha ni kwamba vitabu vyake kadhaa vimesambaa kwa Kijerumani na Kiingereza, wachapishaji wake wakiwa Ulaya na Kanada, na ni rahisi kuvipata huko kuliko hapa.

Ndiyo maana wengi wenu mnasoma kitabu cha Kiingereza huku mkitafsiri papo hapo. Si aibu, ila kuna namna yake. Andikeni tafsiri mapema kwenye kipande cha karatasi, mkibandike chini ya ukurasa husika. Mtu anayetafsiri huku akisoma hurefusha maneno, na mtoto amekwisha kumaliza picha. Kosa kubwa zaidi ni kuvujisha siri. Kama sentensi ya mwandishi inakatikia kwenye "lakini" mwishoni mwa ukurasa, tafsiri nayo ikatikie hapohapo. Ukisema lililo mbele kabla ya kufunua, umeiba mshtuko uliopangwa na mchoraji.

Hapa vitabu vya kitaaluma vinaanza kutufaa. African Appropriations cha Matthias Krings, cha mwaka 2015, kinawazungumzia wasimulizi wa filamu wa Tanzania, akina Lufufu, waliokuwa wakiweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Picha ilibaki ileile. Sauti iliongeza maelezo, maonyo na mafumbo, na mtazamaji akaipata filamu kwa namna ya nyumbani. Mwalimu mwenye kitabu cha Kiingereza mkononi anafanya kazi ya aina hiyo. Tofauti ni kwamba msimulizi wa filamu alikuwa na uhuru wa kujaza kimya, na kitabu cha picha kimya chake kimewekwa makusudi. Katika kitabu hicho cha Krings pia mna habari za majarida ya hadithi za picha na za katuni ya Tanzania iliyochora upya kisa cha Titanic. Atakayetaka kujua watazamaji wetu wenyewe walizoeaje picha asome Reel Pleasures cha Laura Fair, cha 2018, kuhusu kumbi za sinema za Tanzania.

Wenye bajeti ndogo, tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili zenye picha ambazo leseni yake inaruhusu kuchapa na kutafsiri. Ubora wake haulingani, kwa hiyo pimeni kwanza. Kijitabu cha kurasa 16 za A5 kinahitaji karatasi nne za A4 zilizochapwa pande zote mbili. Chagueni mpangilio wa kijitabu na kugeuza kwa upande mfupi. Mkiacha upande mrefu, kurasa za nyuma zitatoka juu chini. Kunjeni, kisha pigeni pini mbili kwenye mkunjo kwa stepla ndefu. Kwa wachoraji waliopo: msiweke uso wa mhusika katikati ya kurasa mbili zinazotazamana, mkunjo utaumeza.

Na kama maktaba yenu ina fedha ya kitabu kimoja tu cha kitaaluma, nunueni How Picturebooks Work cha Maria Nikolajeva na Carole Scott, cha 2001. Kinapanga uhusiano wa maneno na picha kwa madaraja, tangu vinaposema jambo lilelile hadi vinapopingana. Kinadharia ni kizito kidogo. Anzeni na sura zenye mifano, mkiwa na rundo la vitabu vya watoto mezani, na kila daraja mlitafutie kitabu chake kutoka kwenye rafu zenu.